Moto wa Radi: Tujiandae Kabla ya Mvua za Vuli



Katika Kanda ya Ziwa mvua za vuli kwa kawaida huanza mwezi Oktoba. Wakulima huzisubiri kwa furaha, lakini pamoja nazo huja ngurumo na radi, na zipo familia ambazo jioni huwa na nyumba na asubuhi hubaki na majivu. Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze kwa lugha nyepesi jinsi radi inavyowasha moto nyumbani, mambo ambayo familia na kamati zinaweza kuyafanya mapema, na mambo ya kufanya siku yenyewe inapofika.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Kwa upande wa radi yenyewe msemo huu una ukweli, maana hakuna awezaye kuizuia isishuke. Lakini moto unaofuata, na vifo vinavyotokana nao, vina kinga. Jambo la msingi tunaloomba kila kamati ilishike ni hili: radi hutafuta njia ya kufika ardhini, na watu hutafuta njia ya kutoka nje. Njia zote mbili zinapaswa kutengenezwa kabla ya mvua kuanza.

KWA NINI UKANDA WETU UNA RADI NYINGI

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hupanda juu na kujenga mawingu mazito. Ndiyo maana ngurumo nyingi za vijijini kwetu husikika alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka: hewa ya nchi kavu huelekea ziwani, na ngurumo huwapata wavuvi wakiwa majini. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana na kutenganisha chaji za umeme, hadi umeme huo unapopata upenyo wa kushuka.

Ukanda wetu wa maziwa makuu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani. Mwaka 2016 watafiti waliotumia kumbukumbu za satelaiti walitangaza kuwa eneo la Ziwa Maracaibo nchini Venezuela linaongoza duniani, na la pili ni Kabare, katika jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo.

Matukio ya majirani zetu, na ya kwetu wenyewe, yanatufundisha. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi huko Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 ilipiga kanisa wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, na watu wasiopungua 15 wakapoteza maisha. Novemba 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, wakiwa wamekusanyika kwa ibada katika jengo la mabati. Januari 2025 wanafunzi saba walifariki katika shule ya sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita. Hatuyataji haya ili kutisha watu. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha kuwa kuwa chini ya paa peke yake si usalama, hata kama paa hilo ni la kanisa au la shule.

RADI HUWASHAJE MOTO NYUMBANI?

Njia ambayo radi imepita angani hufikia joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, yaani zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua. Hata hivyo si kila radi huwasha moto. Nyingi hupita kwa muda mfupi mno. Hizo hupasua miti na kuta lakini huenda zisiache moto. Nyingine mkondo wake huendelea kutiririka kwa muda mrefu zaidi, hata sehemu ya kumi ya sekunde au kupita. Kwetu sisi huo ni muda wa kupepesa jicho, lakini unatosha kuwasha nyasi au mbao kavu. Nyumbani moto huanza kwa njia kuu nne:

1. Paa la nyasi au makuti. Radi hupiga moja kwa moja na paa hushika moto mara moja. Familia hubaki na dakika chache tu za kutoka.

2. Paa la bati lisilounganishwa na ardhi. Umeme hufika kwenye bati, hukosa njia ya kushuka, hivyo huruka kupitia kenchi, nguzo, waya au hata mwili wa mtu aliyeegemea ukuta. Aidha, bati la geji 28 au 30 ni jembamba. Linaweza kutoboka na matone ya chuma kilichoyeyuka kudondokea dari, magodoro au magunia.

3. Waya za umeme, antena na sola. Radi inaweza kupiga nguzo iliyo mbali na nyumba, kisha umeme ukasafiri kwenye waya hadi kwenye mita, soketi na televisheni. Siku hizi nyumba nyingi zisizo na umeme wa gridi zina paneli za sola juu ya paa, na waya zake huingia moja kwa moja chumbani.

4. Moto wa kujificha. Mara nyingine radi hupiga, watu husalimika na kushukuru Mungu, kisha hurudi kulala. Kumbe ndani ya dari au katikati ya nyasi za paa kuna cheche inayofuka taratibu. Baada ya saa moja au zaidi moto hulipuka wakati wote wamelala. Kwa sababu hiyo, nyumba iliyopigwa na radi haifai kulalwa usiku huo kabla ya kukaguliwa juu na chini.

BATI PEKE YAKE SI KINGA

Wapo wanaodhani kwamba bati hulinda kwa kuwa ni chuma. Wengine hudhani kinyume chake, kwamba kifaa cha kinga kinachowekwa juu ya jengo, ambacho wengi hukiita mtego wa radi, huiita radi kutoka mbali. Mawazo yote mawili si sahihi. Mtego wa radi hauvuti radi ambayo ingepiga kijiji kingine. Kazi yake ni kuipokea ile ambayo ingepiga jengo hilo, na kuipa njia rahisi ya kushuka.

Kinga kamili ina sehemu tatu: ncha za chuma zilizo juu ya paa, waya nene za kuushusha umeme, na fimbo za chuma zilizozikwa ardhini. Ikikosekana sehemu moja, hakuna kinga. Kamati zinapokagua majengo ya kanisa, shule au zahanati zitazame hasa mambo haya:

- Waya za kushusha ziwe angalau mbili, kwenye pande zinazotazamana za jengo, na zishuke bila kona kali. Umeme wa radi hauzunguki kona vizuri, huruka.

- Waya zifike kweli ardhini na ziunganishwe na fimbo. Waya wa shaba hupendwa na wezi, na waya uliokatwa huacha jengo bila njia ya kushusha umeme. Panapokuwa na wizi, ulizeni fundi kuhusu chuma kilichopakwa zinki, na waya wa chini ufunikwe kwa bomba.

- Upinzani wa ardhi upimwe kwa kifaa. Lengo la kawaida ni omu 10 au chini ya hapo. Udongo wa mchanga au wa mawe huhitaji fimbo nyingi zaidi. Kipimo kifanyike wakati wa kiangazi, maana udongo mkavu ndio wenye upinzani mkubwa, na kirudiwe kila mwaka.

- Watu wasisimame karibu na waya wa kushusha wakati wa ngurumo; waache nafasi ya mita tatu.

- Kwa jengo la nyasi, waya usifungwe kwenye paa. Kinachofaa ni mlingoti unaosimama peke yake kando ya nyumba, wenye fimbo yake ardhini.

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kamati iombe makadirio ya maandishi, yanayotaja aina ya waya, idadi ya fimbo na kipimo cha ardhi kitakachokabidhiwa baada ya kazi. Malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya kipimo hicho kuonekana.

MAANDALIZI YA FAMILIA

Tunafahamu kwamba familia nyingi haziwezi kuweka kinga kamili ya radi. Lakini yapo mengi yasiyohitaji fedha nyingi, na mengine hayahitaji hata shilingi moja.

Tuanze na njia ya kutoka. Kutokana na wizi, nyumba nyingi zina nondo madirishani na kufuli mlangoni. Moto ukianzia sebuleni, chumba chenye nondo hugeuka mtego. Nyumba iwe na milango miwili, au dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani. Ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana na wote, hata watoto, na usiondolewe hapo usiku.

Pili, ondoeni vinavyolisha moto. Dumu la petroli la pikipiki, mafuta ya taa, mtungi wa gesi wa akiba na marundo ya nyasi au mabua visikae ndani wala kuegemea ukuta. Kamba ya nguo ya waya isifungwe kati ya mti na nyumba, kwa maana huleta radi ya mti hadi ukutani. Mti mrefu ulio karibu na nyumba si mlinzi wake. Umeme huweza kuuruka mti na kuingia ndani.

Tatu, wekeni vifaa vya mwanzo: ngazi, ndoo mbili za mchanga, pipa la maji na upondo wa kuvutia nyasi za paa. Nyumba yenye umeme, kila mtu mzima ajue swichi kuu ilipo. Maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme kabla swichi kuu haijazimwa.

Nne, tunzeni nyaraka. Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki na za bima ziwekwe kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na nakala zake zihifadhiwe ofisi ya parokia au kwa ndugu. Familia iliyopoteza nyaraka hupata hasara mara mbili.

Tano, fanyeni mazoezi. Jioni moja familia nzima itoke nje kama vile nyumba inaungua, na wahesabiwe. Nani anambeba bibi? Nani anamchukua mtoto mchanga? Mahali pa kukutania pasiwe chini ya mwembe. Pawe nyumbani kwa jirani, mliyekwisha kukubaliana naye mapema.

SIKU YENYEWE

Mkiona mwanga wa radi, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike. Sauti husafiri takriban kilomita moja kwa sekunde tatu. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na mmeshaingia katika hatari. Wingu linapoanza kunguruma kwa mbali chomoeni televisheni, friji na chaja. Radi ikishakuwa karibu msiguse soketi wala waya. Kifaa cha kulinda friji husaidia umeme ukipanda na kushuka, lakini hakihimili radi inayopiga waya wa nyumba.

Jengo kubwa lenye waya na mabomba yaliyofungwa vizuri, au gari lililofungwa lenye paa la chuma, ni salama zaidi kuliko kibanda. Asiye na pa kwenda akae katikati ya chumba juu ya kigoda cha mbao, miguu pamoja, mbali na kuta, mlango na nguzo. Hili hupunguza hatari, haliiondoi. Kazi za nje zisirudiwe hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Je, nyumba ikiwaka wakati radi bado inapiga? Watu wengi husita hapa. Jibu ni kutoka. Radi ya pili ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee, lakini moto uliokwisha kuwaka juu ya kichwa chako ni hakika. Tokeni wote, nendeni moja kwa moja kwa jirani mliyekubaliana naye, hesabuni watu, na pigeni simu Zimamoto kwa namba 114. Mtu yeyote asirudi ndani kuchukua godoro, simu wala fedha.

ALIYEPIGWA NA RADI AGUSWE

Kuna mahali watu huogopa kumgusa aliyepigwa na radi, ama kwa kudhani mwili wake bado una umeme, ama kwa kusubiri mila fulani ifanyike kwanza. Mwili wa binadamu hautunzi umeme wa radi. Mwondoeni kwenye moto na mwangalieni kama anapumua. Mara nyingi moyo wa aliyepigwa unaweza kuanza tena, lakini pumzi huchelewa kurudi, na hizo dakika za kuchelewa ndizo zinazoua.

Kama hapumui, mbonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha mpeni pumzi mbili mdomoni, na kurudia hadi msaada ufike. Wakipigwa watu wengi kwa pamoja, anzeni na wale wanaoonekana kama wamekufa, kwa kuwa anayelia na kujigeuza tayari anapumua. Tunashauri kila kigango kiwe na watu wasiopungua wanne waliofundishwa huduma hii na muuguzi wa zahanati iliyo karibu.

BAADA YA MOTO: TULINDE NA MAJIRANI

Kuna moto wa pili ambao hauzimwi kwa maji. Nyumba inapoungua kwa radi, maneno huanza: nani alimtuma? Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake, au kwa jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Katika ukanda wetu wazee wamewahi kupigwa, kufukuzwa na kuuawa kwa tuhuma za namna hii.

Maelezo tuliyotoa hapo juu yana kazi pia katika jambo hili. Radi hufuata kilicho kirefu na njia ya kwenda ardhini. Haichagui adui wa mtu. Vilevile kamati ikumbushe kwamba Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inamfanya anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi awe ametenda kosa. Tunaomba siku ileile ya tukio wajumbe wawili wa jumuiya ndogo ndogo wamtembelee aliyeunguliwa, na wengine wawili wamtembelee yule anayetajwa kwa minong'ono. Mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe mapema, kabla maneno hayajawa mawe.

KAZI YA KAMATI NA YA WAFADHILI

Tunapendekeza kila kamati ya maendeleo ya parokia iweke ajenda hii katika kikao kinachofuata na kuamua mambo manne: (a) kukagua majengo yote ya parokia na vigango na kuandika lipi lina kinga kamili, lipi lina kinga iliyokatika na lipi halina kabisa, (b) kila jumuiya kutembelea nyumba zake na kuangalia njia ya kutoka, kwa kuanza na nyumba za wazee, wajane na walemavu, (c) kutenga katika mfuko wa dharura mablanketi, sufuria, turubai na chakula cha wiki moja kwa familia moja au mbili, (d) kuteua watakaofundishwa huduma ya kwanza.

Kwa wafadhili wetu tungependa kueleza kwa nini maombi mengi yanayotoka vigangoni yataanza na makanisa, shule na zahanati badala ya nyumba za watu binafsi. Mvua inapoanza, watu hukimbilia majengo hayo. Kinga moja iliyofungwa vizuri hapo hulinda mamia ya watu, tena kwa miaka mingi iwapo itakaguliwa. Nyumba za familia kwa upande wao zinaweza kupunguziwa hatari kubwa kwa nguvu za wenyewe: kung'oa waya wa nguo, kulegeza nondo za dirisha moja, kuhamisha dumu la petroli. Kwa hiyo msaada wa fedha uende mahali ambapo jembe na mikono ya jumuiya haviwezi kufika, nako ni kwenye waya, fimbo, fundi na kipimo.

Tunaomba pia kwamba mchango wa kujenga kanisa au darasa jipya uwe na kinga ya radi ndani ya makadirio tangu mwanzo. Ni nafuu kuzika fimbo wakati msingi bado uko wazi kuliko kuvunja sakafu baadaye.

Vikao vya kamati vikimaliza ukaguzi, orodha ya majengo iletwe ofisi ya maendeleo kabla ya mwisho wa Septemba ili fundi apime ardhi wakati bado ni kavu. Mwenyezi Mungu abariki kazi ya mikono yenu na alinde nyumba zenu katika msimu huu wa mvua.